Nabii wa Pili

Katika kanisa letu ndoa haitangazwi mpaka manabii wawili wawe wamesema. Wa kwanza hutoka katika kusanyiko la bibi harusi. Wa pili hutoka katika kusanyiko la mbali, na sharti lake ni moja: asiwe amesikia alichosema wa kwanza. Wazee waliolianzisha kanisa hili katika mashamba ya walowezi, kabla sijazaliwa, hawakujua kuandika katiba, lakini sharti hilo walilishika kwa ukali kuliko amri nyingine zote, ile ya kuvua viatu mlangoni ikiwemo. Walisema mtu mmoja anaweza kuota kwa sababu ya njaa, lakini wawili wasioambiana hawawezi kuota njaa moja.

Mimi mwenyewe niliolewa chini ya sharti hilo mwaka 1979. Mzee mmoja alitutoa Njoro, mimi na mchumba wangu, akatutembeza kwa miguu hadi Elburgon, na njiani hakuruhusiwa kutaja jambo tulilolifuata. Kwa hiyo alizungumza juu ya viazi. Njia nzima alizungumza juu ya viazi, aina zake na magonjwa yake, hata mchumba wangu akaninong'oneza kwamba tukikataliwa tutakuwa angalau tumesomea kilimo. Tulipofika, mzee aliinua mkono kuwasalimu wenyeji, kwa maana sisi hatushikani mikono, akasema, "Tumeleta watu," kisha akanyamaza. Hakuna aliyeuliza tulikuwa watu wa nini. Nabii wa pale alikuwa mwanamke mfupi tuliyemkuta akikamua ng'ombe. Alimaliza kukamua, akanawa, akaomba, akatetemeka, akasema ameona watu wawili wakiteka maji katika kisima kimoja kwa kamba mbili. Nabii wa Njoro, majuma mawili kabla, alikuwa amesema kwamba ameona kisima. Hiyo ilitosha. Niliishi na mume wangu, ambaye kila ndoa ilipoletwa alilisimulia kanisa hadithi ya viazi, hadi tarehe 3 Mei 2009, siku aliyofariki, na sikupata sababu ya kuulaumu utaratibu ule.

Nilianza shule mwaka uliofuata kifo chake, katika darasa la watu wazima hapa Kaptembwo, ambalo majirani waliliita ngumbaru, na baadhi yao walilitamka neno hilo kwa sauti ya juu nilipokuwa nikipita. Mwalimu wetu alitudai tuandike tarehe juu ya kila ukurasa kabla ya kuandika jambo lolote, na mazoea hayo hayajaniacha. Mtihani wa darasa la nane niliufanya mwaka 2015, nikiwa nimeketi kati ya watoto wa kuwa wajukuu wangu, na alama nilizopata sikuzificha kwa yeyote aliyewahi kulitamka lile neno.

Nina watoto watatu. Kifungua mimba wangu anasali katika kanisa kubwa la mjini lenye vioo vya televisheni kila ukuta, ambako mhubiri huonekana mkubwa mara nne kuliko alivyo. Wa pili hasali popote. Anasema Jumapili ni siku ya kuosha gari. Aliyebaki nasi ni binti yangu, kitinda mimba, aliyezaliwa mwaka 1993 na kuvishwa kilemba, alama ya ushirika wetu, akiwa na umri wa miaka saba. Ninapoandika "nasi" nina maana ya watu wa jengo la mabati lililoko Rhonda, kati ya kinyozi na fundi wa kuchomelea vyuma, ambao kila Jumapili hupiga ngoma zao wakishindana na vipaza sauti vya makanisa mengine manne ya mtaa huohuo. Kwenye nguzo za stima zinazotuzunguka hapakosi bango la nabii aliyevaa suti, anayeahidi kukueleza jina la adui yako na rangi ya nyumba yake. Sisi hatujawahi kubandika bango. Nilikuwa nikiona fahari katika hilo.

Binti yangu anafanya kazi katika duka la dawa za mifugo mjini. Huko alikutana na kijana kutoka pande za Elementaita, aliyekuja kununua dawa ya kuku wa mama yake, na ambaye, kwa maelezo ya binti yangu, aliendelea kununua dawa hata baada ya kuku kupona. Hakuwa wa kanisa letu. Alikubali hata hivyo kupita katika utaratibu wetu, kwa sababu binti yangu alimwambia wazi kwamba anataka kuolewa akiwa amevaa kilemba, mbele ya watu waliomlea, na mama yake akiwa ameketi kiti cha mbele. Hiyo ndiyo iliyokuwa haja yake, na hakuificha. Alikuwa na miaka thelathini.

Jumapili tarehe 8 Oktoba 2023 kijana alisimamishwa mbele ya kanisa ajitambulishe. Alisema anafanya kazi Kariandusi, katika machimbo ya udongo mweupe. Kisha nabii wetu akapiga magoti. Nabii huyo alikuwa na miaka ishirini na sita, mpole, mwenye kipaji ambacho hata wazee wagumu walikikubali. Aliomba, akatetemeka hadi jasho likalowesha kanzu, akasema:

"Nimeona mtu amekuwa mweupe mwili mzima. Ameingia shimoni. Mwanamke amesimama juu anaita, na shimo halijibu."

Kanisa liliguna kwa pamoja. Wanawake wawili walianza kulia hapohapo, kana kwamba wameletewa jeneza.

Nilikuwa nimewahi kupita Kariandusi jioni. Wachimbaji wanapotoka kazini huwa weupe hadi kwenye kope, na vumbi hilo likichanganyika na jasho huganda usoni kama lipu ya ukutani. Kwa hiyo nililiona swali ambalo mtu wa nje angeliuliza mara moja: je, nabii ameonyeshwa mauti ya kijana, au ameonyeshwa kazi yake, ambayo alikuwa ametoka kuitaja kwa kinywa chake mwenyewe? Sikuliuliza. Kwetu nabii wa kwanza hasailiwi. Kazi ya kumsaili ni ya nabii wa pili, naye huifanya bila kujua.

Alasiri hiyo nilikuwa nachambua maharagwe simu ilipolia. Katibu wa akina mama alikuwa ameutuma unabii kwenye grupu letu la simu, ukiwa sauti kamili iliyorekodiwa kanisani, pamoja na picha za mikono inayoomba. Grupu hilo lilikuwa limeundwa mwezi wa Agosti, baada ya mkutano wa akina mama wa makusanyiko yetu yote kuanzia Molo hadi Naivasha. Niliusikiliza unabii tena, nikaendelea na maharagwe.

Jumamosi iliyofuata mzee wa kanisa aliwapeleka Molo, binti yangu na mchumba wake, kwa nabii wa pili. Huyu ni mama wa makamo anayeheshimika sana, na sina neno baya juu yake hata leo. Waliniambia hakuomba kwa muda mrefu. Alisema, "Naona shimo. Naona weupe. Msiende huko," akafunika uso kwa kitambaa.

Niliamini. Manabii wawili walikuwa wamesema jambo moja, na mimi nilikuwa nimejengewa nyumba na utaratibu huo. Binti yangu aliporudi jioni alivua kilemba, akakaa kwenye stuli ya jikoni bila kuvua koti.

"Mum, hakutetemeka hata," alisema. "Alituangalia tu kama mtu alikuwa anatungoja."

"Kutetemeka si kipimo."

"Basi kipimo ni nini?"

"Kipimo ni wawili."

"Kwa hivyo imeisha?"

"Imeisha," nikamwambia.

Kisha akauliza kama chai ipo. Ninamfahamu mwanangu, angelia ningejua la kufanya. Aliinywa chai yote, akaosha kikombe, akaenda kulala mapema.

Siku ya Alhamisi, tarehe 19, nilikuwa natafuta katika grupu siku ya mkutano wetu mwingine, nikarudi nyuma katika ujumbe wa siku zilizopita. Chini ya ile sauti, kati ya majibu ya akina mama, nililikuta jibu la nabii wa Molo: "Amina. Bwana atulindie watoto." Lilikuwa la tarehe 8, jioni ileile. Halikuwa jambo la siri. Kila mwanamke katika grupu alikuwa ameliona, na wengi walikuwa wamejibu Amina juu na chini yake. Hakuna aliyelinganisha tarehe, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kuzilinganisha.

Nilimpigia.

"Mama, ile sauti ya Jumapili uliisikiliza?"

"Niliisikiliza, mama. Nani hakuisikiliza? Mpaka msichana wangu aliye Saudia aliisikia."

"Na Jumamosi, walipoingia kwako, uliwatambua?"

"Kijana si alikuwa na hiyo vumbi nyeupe kwa viatu? Niliwatambua."

"Na sharti?"

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtoto akifukuzwa jikoni.

"Sharti lilikuwa la watu wa kutembea kwa miguu," alisema hatimaye. "Sasa nisipofungua simu mtasema nabii wa Molo ana kiburi, hajibu akina mama wenzake. Kwani Roho atashindwa na simu?"

"Roho hashindwi. Sisi ndio tunaoshindwa kujua kama ni yeye."

"Wewe ulisoma sana," akaniambia, na haikuwa sifa.

Wazee walikubali kunisikiliza Jumamosi tarehe 28 Oktoba. Walikuwa watano, wameligeuza benchi la mbele lielekee viti vingine na kuketi, na yule nabii kijana aliitwa naye. Mwenyekiti alikuwa rafiki wa mume wangu. Yeye na mume wangu walivishwa kilemba siku moja. Nilieleza jambo kwa ufupi, nikataja tarehe zote mbili.

"Mama, unataka kusema nabii ni mwongo?" mwenyekiti aliuliza.

"Sijasema hivyo, Baba. Nimesema tumemsikia nabii wa kwanza mara mbili. Wa pili bado hatujamsikia."

Mzee aliyeketi pembeni, anayejulikana kwa ulimi wake, alicheka kidogo. "Hii ndiyo shida ya kupeleka akina mama shule. Wanarudi na maswali ya mtihani."

"Ukiyajibu nitakupa maksi, mzee."

"Na nikianguka?"

"Utarudia darasa. Mimi nilianza na miaka hamsini. Wewe hujachelewa sana."

Walicheka, hata mwenyekiti. Kisha nabii kijana akaomba ruhusa ya kusema. Aliongea akiwa amesimama, mikono nyuma, kwa heshima.

"Mimi sikutuma hiyo sauti. Lakini wazee wangu, na mathe pia, mnisamehe, mbona tufiche neno? Huko nje manabii wako laivu kila siku, wanasikizwa mpaka Marekani. Mtu anaamka, anashika simu, anapata neno lake kabla hajaosha uso. Sisi tunamwambia atembee mpaka Elburgon asikie kuhusu viazi. Tukiendelea hivi tutabaki na wazee na ngoma."

"Na ngoma ina ubaya gani?" aliuliza yule mzee wa pembeni.

"Haina, mzee. Ni vile hakuna vijana wa kuipiga."

Hapo hakuna aliyecheka. Jumapili iliyokuwa imepita ngoma kubwa ilipigwa na mtu wa miaka sabini na mmoja, na alikuwa amepumzika mara mbili katikati ya wimbo.

Sikumwona kijana yule kama mlaghai wakati ule, wala simwoni hivyo sasa. Alikuwa ameliona jambo la kweli. Dini ambayo watu hawaisikii hufa. Alikuwa akijaribu kuifanya isikike. Mimi nami nilikuwa nimeliona jambo la kweli, kwamba utaratibu wetu wote ulisimama juu ya mtu mmoja kutosikia. Sikujua, na nadhani hata yeye hakujua, jinsi mambo haya mawili yanavyoweza kukaa chini ya paa moja.

Wazee walikwenda nyuma ya jengo kushauriana. Waliporudi walisema tutatafuta nabii mwingine, asiyekuwa na simu. Jambo hili lilichukua muda. Walimtaja mmoja, likakumbukwa kwamba wajukuu wake walimnunulia simu Krismasi. Walimtaja mwingine, akawa amefariki. Hatimaye walikubaliana juu ya mwanamke mzee sana katika vilima vya Subukia, ambaye hakuwa na simu na alikuwa na sikio moja tu linalofanya kazi.

Tulikwenda tarehe 11 Novemba: mzee wa kanisa, binti yangu, mchumba wake na mimi. Tulimkuta ameketi juani kwenye gunia, anapukuchua mahindi kwa mikono. Mzee aliinua mkono akasema, kwa sauti kubwa kwa ajili ya lile sikio, "Tumeleta watu!"

"Naona ni watu," alijibu. "Sikudhani ni mbuzi."

Aliomba akiwa ameketi palepale. Aliomba kwa muda mrefu hata kivuli cha nyumba kikatufikia, nasi tulikuwa tumepiga magoti juu ya magunzi ya mahindi, ambayo si laini. Binti yangu alikuwa amefumba macho kwa nguvu kama mtoto anayengoja sindano. Kisha bibi akafumbua macho, akachukua hindi jingine.

"Sikuonyeshwa kitu," alisema.

Mzee wetu alisogea karibu. "Labda tungoje kidogo, shosho."

"Ngoja ukitaka. Mimi nimemaliza."

"Ungejaribu mara moja tena?"

"Wewe, hii si pampu ya maji, ati unasukumasukuma mpaka yatoke."

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Bahati, na kijana, bila kuambiwa, alianza kubeba mahindi kuyaingiza ndani. Binti yangu akamfuata na ungo. Nilibaki na bibi. Nilimuuliza, karibu na sikio lake zima, kama zamani alikuwa akionyeshwa mambo.

"Zamani, mara nyingi," alisema. "Siku hizi, mara nyingi sioni. Hao wenu wa huko mjini nasikia wanaonyeshwa kila siku, asubuhi na jioni. Labda wanakula na fungu langu."

Alicheka mwenyewe mzaha huo kwa muda, kisha akaniomba nimsaidie kusimama.

Mwenyekiti alikuja nyumbani kwangu juma lililofuata kuleta uamuzi. Alikuja mwenyewe, hakutuma mtu, na hilo nililihesabu kwa heshima yake. Alikunywa chai kwanza.

"Kunyamaza si ndiyo," alisema.

"Wala si hapana, Baba."

"Ni kweli. Lakini hapana imesemwa na mmoja, na ndiyo haijasemwa na yeyote. Hatuwezi kutangaza." Aliweka kikombe chini. "Kijana ana kanisa la kwao. Wakifunga huko, hatutawafukuza, tutanyamaza tu. Lakini wewe ni mama wa kanisa. Ukienda kuketi katika ndoa ambayo manabii hawakuitoa, utakaa nyuma mwaka mzima. Nitaumia kukuona nyuma. Lakini utakaa."

Ni lazima nieleze kukaa nyuma ni nini. Kanisani kwetu wajane wa wazee huketi mstari wa kwanza upande wa kushoto, na baada ya mume wangu kufariki kiti hicho ndicho kilichobaki cha kuonyesha kwamba aliwahi kuwepo. Wanaokaa nyuma ni walevi waliotubu na wasichana waliozaa nyumbani. Wanaingia wa mwisho na kutoka wa mwisho, na hawaombewi kwa majina.

Binti yangu aliniambia jioni hiyohiyo kwamba watafunga ndoa katika kanisa la kina kijana, Jumamosi tarehe 9 Desemba.

"Sikuombi uje, Mum," alisema. "Nakuambia tu tarehe, kwa sababu najua ukikosa tarehe unaumwa."

"Na kilemba?"

"Nitavaa. Hata kama pasta wao atashangaa."

Watu waliofikiri kwamba nilikuwa nikipima kiti changu dhidi ya mtoto wangu hawakunielewa. Kiti kiliniuma, sikatai. Lakini kilichonikosesha utulivu kilikuwa lile shimo. Sharti lilikuwa limevunjwa, kwa hiyo nabii wa Molo alikuwa ameondoka katika hesabu. Bibi wa Subukia hakusema neno. Lakini nabii wa kwanza alibaki pale alipokuwa siku ya kwanza, na hakuna aliyekuwa ameonyesha kwamba alikosea. Kama alikuwa ameona sawasawa, basi kwenda kwangu kulikuwa ni kumshika mwanangu mkono na kumpeleka hadi ukingoni. Kama alikuwa ameona tu kazi ya kijana, kukataa kwangu kulikuwa ni kumnyima mtoto maisha yake kwa sababu ya vumbi. Nilitafuta njia ya tatu, sikuipata. Katika umri wote wa miaka sitini na mitatu sikuwa nimewahi kukata shauri kubwa bila mtu mwingine kuwa ameonyeshwa kwanza. Hata kwenda shule nilikwenda baada ya nabii mmoja kusema ameona kalamu mkononi mwangu.

Niliona wakati huo jinsi tulivyokuwa tumewatumia manabii. Tulikuwa tumewapa kazi ya kuogopa kwa niaba yetu.

Tarehe 2 Desemba nilikwenda kwa mwenyekiti, kwa sababu sikutaka asikie baadaye. Alikuwa akitengeneza ua.

"Nitaenda," nikamwambia.

"Umeonyeshwa?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa na tumaini la kweli.

"Hapana. Nimeamua."

Alifunga waya mmoja, akaujaribu kama umekaza. "Mume wako angesemaje?"

"Angezungumza juu ya viazi, Baba."

Alitikisa kichwa, lakini hakuninyima tabasamu.

Harusi yenyewe ilikuwa kama harusi nyingine. Binti yangu alivaa kilemba cheupe, na pasta alikitazama mara mbili kisha akaendelea na ibada. Katika kanisa lao watu hushikana mikono, na baada ya ibada walijipanga mstari kunisalimu. Niliinua mkono kama tufanyavyo sisi. Mama wa kijana, mwanamke mnene mwenye furaha nyingi, aliutazama mkono wangu uliofunguka angani, akaupiga kwa kiganja chake kwa nguvu. "Kumbe mathe wetu anapeana tano!" alipaza sauti, na wote waliokuwa nyuma yake wakafanya hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka kiganja kikawa chekundu. Sikuona sababu ya kuwasahihisha.

Nilikaa nyuma tangu Desemba hiyo hadi Desemba iliyofuata, na sikukosa Jumapili hata moja. Ukiwa mbele huoni kanisa. Unaona madhabahu tu. Kutoka nyuma niliona vilemba vyote kwa pamoja, na niliweza kufuata jinsi vilivyokuwa vikipungua. Mwezi wa Juni nabii kijana alituaga kwa adabu, akaenda kuanzisha huduma yake katika hema, na sehemu kubwa ya vijana ikaenda naye. Sasa hana kilemba, ana bango. Wanaomsikiliza kwa simu ni wengi kuliko tuliowahi kuwa nao kwa miaka yote. Kwetu walibaki wazee, kama alivyosema, na wajukuu wachache wanaoletwa kwa mkono. Katibu wa akina mama aliandika sheria mpya ya grupu: unabii wa ndoa usitumwe kabla ya nabii wa pili kusema. Inafuatwa vizuri. Tangu iandikwe hapajatokea ndoa ya kuijaribu.

Watu huniuliza, hasa wanangu wa kiume, kama naona dini hii ina siku za mbele. Huwajibu kwamba sikupewa kipawa hicho. Ninachoweza kusema ni kwamba binti yangu huja kanisani kwetu Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na mumewe humsindikiza, huvua viatu mlangoni na kuketi upande wa wanaume, ambako sasa hupewa ngoma kubwa kwa sababu ana mikono ya kazi. Hapigi kwa ustadi. Hata hivyo hachoki.

Siku nyingine zote huamka alfajiri kwenda machimboni. Neno lililosemwa juu yake halina mwisho wa matumizi. Hakuna siku ambayo likipita tutasema sasa limeisha. Nimelikubali hilo kama mtu anavyokubali kuishi karibu na mto. Binti yangu akinipigia jioni ninajibu upesi. Simu yake ikiita mchana, kabla ya saa ya wachimbaji kutoka kazini, ninaiacha kwanza, nikaketi, ndipo nikaishika.

Juma lililopita iliita saa sita mchana. Nilivuta kiti.

"Mum," alisema, "magadi ya githeri unaweka mwanzo ama ikishaiva?"

"Mwanzo," nikamwambia. "Kidogo tu. Na usiondoke jikoni."

"Siendi mahali. Mbona unapumua hivyo?"

"Nilikuwa nimesimama," nikasema, na nikamuuliza mahindi na maharagwe yake aliyaloweka lini.